Siku Masikio ya Kisiki Yalipopakwa Losheni

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kumvisha soksi mtoto asiyetaka soksi, enyi mliowahi kubishana na mtu wa miaka minne mkaishiwa hoja! Sogeeni msikie habari za Ticha Mpya, Mfuta Makamasi, Mfunga Kamba za Viatu, shujaa wa chumba cha manjano, na jinsi alivyoziteka ngome mbili ambazo hazikutaka kutekwa, yaani masikio ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo walimwita Kisiki, kwa sababu akikataa jambo hujichimbia pale alipo, na hakuna wa kumng'oa. Alizaliwa na ualbino, na jua lilikuwa adui yake wa tangu siku ya kwanza. Wiki iliyotangulia, msaidizi mmoja wa kituo cha kulelea watoto alimpaka losheni ya kukinga jua usoni, shingoni, mikononi na miguuni, akasahau masikio. Jioni yalikuwa mekundu. Kulipokucha yakatoka malengelenge. Bibi yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Yakiungua tena, mjukuu wangu nabaki naye nyumbani." Na nyumbani hakukuwa na bembea, wala hakukuwa na Redio, rafiki yake wa chanda na pete, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Basi siku hiyo jua likapanda na majeshi yake yote, likapiga kambi uwanjani. Mlangoni alisimama Mama Mkuu wa kituo, mlinzi wa komeo, funguo zikimlia kiunoni, akatoa amri: "Masikio yasipopakwa, hatoki. Sina la kuongeza."

Ticha Mpya akaitwaa chupa yenye jina la Kisiki, kwa maana sheria ya kituo ilikuwa kwamba chupa ya mtoto ni ya mtoto huyo peke yake. Akaitikisa kama anoaye upanga. Uso ukasalimu amri. Shingo ikasalimu amri. Mikono na miguu, hata nyuma ya magoti ambako wapakaji wengi hawafiki, ikaanguka bila tone la damu. Kisha shujaa akayaelekea masikio, na papo hapo viganja viwili vidogo vikayafunika.

"Sitaki."

Shujaa akapiga goti, akanena kwa sauti kuu: "Ewe Kisiki, binti wa watu wasiorudi nyuma! Bembea inakulilia. Mchanga unauliza habari zako. Je, utaliacha jua likupore siku nzuri kama hii?"

"Ndiyo."

"Amesema ndiyo!" Redio akawatangazia watoto waliokaa nyuma.

"Kidogo tu, mama," shujaa akabembeleza.

"Yanauma."

"Yameshapona. Leo hayaumi."

"Umejuaje? Kwani ni masikio yako?"

"Hapo amekuweza, Ticha," Redio akasema.

Shujaa alikuwa amehitimu malezi ya watoto kwa alama nzuri, na hakuna mhadhara hata mmoja uliomwandaa kwa swali hilo. Akaitazama ile mikono. Haikuyabana masikio, iliyashika kama mtu ashikavyo yai. Ndipo akaelewa kwamba hapakuwa na ukaidi hapo. Palikuwa na woga.

Akaiweka chupa chini. Akatoa mfukoni kikopo chake mwenyewe cha mafuta ya mgando.

"Haya, nipake mimi kwanza. Nikilia, tunaacha."

Kiganja kimoja kikaachia sikio. Kikafuata cha pili.

"Funga macho," Kisiki akaamuru. "Usijikunyate. Na usilie, wewe ni mkubwa."

Lo! Ni nani atakayeisimulia hujuma ile yote? Sikio la kulia likazama. La kushoto likafuata. Nyusi, ambazo hazikuitwa vitani, nazo zikaangamia, na nywele za mbele zikalala kama nyasi baada ya mvua.

"Inauma?" akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Baridi kidogo. Huku nyuma unanitekenya."

"Mimi pia hunitekenya hapo." Akafikiri. Akasogea, akakiegemeza kichwa begani mwa shujaa. "Polepole. Na useme ukifika nyuma."

"Nimefika nyuma."

Kisiki akatetemeka, halafu akacheka, na ngome zote mbili zikafunguka.

Wakasubiri losheni ikolee. Mama Mkuu akaja, akayakunja masikio kwa kidole, akachungulia mikunjo yote. Komeo likalia. Kisiki akatoka chini ya kofia yenye ukingo mpana, akaikamata bembea. Alipotokwa na jasho akaitwa kupakwa tena, na safari hii alikuja ameshainamisha kichwa.

Jioni bibi alifika. Hakusalimia mtu. Alimvua Kisiki ile kofia, akakunja sikio la kulia, akakunja la kushoto, akatazama nyuma, akatazama tena. Kisha akamvisha mjukuu kofia yake taratibu.

"Kesho nitachelewa kidogo kumleta," alisema. "Mnitunzie nafasi yake."

Ndipo akamwona Ticha Mpya, aking'aa kama sufuria jipya. "Na wewe, mwanangu, nani amekufanya hivyo?"

"Mjukuu wako, Bibi."

Na ili vizazi vijavyo visije vikasema havikuambiwa, Redio akapanda kwenye ngazi ya mlango, akaitangazia barabara nzima: "Ticha hakulia! Hakulia hata kidogo!"