Tonge la Sheikh Aidarus

Jumatatu, 19 Mfungo Tano 1326 (kwa Wazungu ni Machi 1908)

Habari njema na habari mbaya. Njema: Sheikh Aidarus hajaikataa posa yangu kwa binti yake Badria. Mbaya: hajaikataa ya Gharib pia. Ijumaa baada ya sala tutakula naye sinia moja, atutazame. Amesema mume anayekula vizuri haugui, na binti yake mkubwa ameshauguza mume mmoja, yatosha.

Gharib ni msimamizi wa mahamali Kilindini. Hatafuni. Anafungua mdomo, tonge linaingia, basi! Mimi mshona kofia, na tangu mwiba wa samaki tafi uninase utotoni, koo langu hujifunga nikitazamwa. Nampenda Badria mwaka wa tatu huu. Nimkose kwa ajili ya wali? Haiwezekani. Nitajifunza kumeza.

Jumanne, 20

Nimekwenda Ndia Kuu kwa Bwana Abdeali, muuza dawa. Ana kitabu kutoka Bombay chenye picha ya kichwa kilichopasuliwa kati kwa kati. Nikataka kutoka, akanishika kanzu.

Akasema kooni mna njia mbili, ya pumzi mbele na ya chakula nyuma. Nyuma! Kwa hiyo kila tonge lazima lipite juu ya mlango wa pumzi. Ulimi unalisukuma, kaakaa laini linaziba pua, koromeo linapanda, kidakatonge kinafunika njia ya pumzi kama kawa juu ya sahani, na pumzi inasimama kidogo. Nikauliza nani anatoa amri. Akasema hakuna, mambo huenda yenyewe. Hilo sikulikubali. Hata jikoni kwa Shangazi Mwanakuu hakuna linalokwenda lenyewe.

Jumatano, 21

Mimi nilidhani tonge huanguka kwa uzito wake tu. Abdeali anasema sivyo, nyama za umio hulibana na kulisukuma mpaka tumboni, hata mtu akiwa kichwa chini. Nikaona ananifanyia mzaha. Nikajining'iniza kitandani, kichwa sakafuni, nikala ndizi.

Imepanda! Nimeisikia ikipanda polepole kwenda tumboni. Au ikishuka. Sijui tena nisemeje.

Shangazi akaingia. Nikataka kumweleza, mdomo umejaa. Akakimbilia ubani, akanifukiza hadi alasiri, akimwuliza pepo wangu anataka nini. Nikamwambia anataka kujua kumeza. Akasema nimemeza tangu siku ya kwanza ya kunyonya, na Bwana Abdeali hakuwapo.

Alhamisi, 22

Balaa! Siwezi kumeza kitu. Natafuna uji! Nikikumbuka kaakaa, nasahau kidakatonge. Nikishughulika na kidakatonge, ulimi umelala. Hata mate yamekaa mdomoni yanangoja ruhusa.

Nimemrudia Abdeali mbio. Akasema niache kufikiri. Nimefikiria namna ya kuacha kufikiri mchana kutwa.

Ijumaa, 23

Nimefedheheka.

Sinia la pilau, nyama ya mbuzi katikati. Sheikh kwa mkono wake akanyofoa kipande cha paja, akakiweka mbele yangu. Heshima hiyo haikataliwi. Nikafanya tonge, nikatia mdomoni. Ulimi tayari. Kaakaa tayari. Nikawa nakiandaa kidakatonge, Sheikh akaniuliza kama Shangazi hajambo. Mkubwa akikuuliza, unajibu! Nikajibu. Mlango ukafunguka na mzigo bado uko njiani.

Wali umetoka puani. Punje moja imetua kwenye ndevu za Sheikh. Nimekohoa mpaka kunguru wameruka kwenye paa. Gharib akanipiga mgongoni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukutoka kwenye nyama.

Jumamosi, 24

Badria amepewa Gharib. Nimelia, sina haja ya kujificha humu. Shangazi akaniletea bakuli la uji. Nimelimaliza lote huku nalia, wala sijui nilivyolimeza.

Adhuhuri Sheikh ameleta salamu. Anasema kikohozi changu kilisikika Kibokoni nzima, na mwenye kifua cha namna ile anapaswa kusoma maulidi nyumbani kwake mwezi ujao. Nyumbani kwake! Na Afaf, mdogo wake Badria, bado hajaposwa!

Sasa nimelielewa kosa langu. Njia za kooni ni mbili, nami nilijifunza moja. Nimekwenda mbio kwa Abdeali. Aliponiona akafunga mlango, lakini nimempata dirishani, na amenieleza kupumua kote. Miaka thelathini na miwili nimekuwa nikipumua ovyo ovyo, bila utaratibu wowote! Basi tangu nitoke pale nahesabu. Zimeingia pumzi mia nne na sita. Zimetoka mia nne na tano.

Moja sijui iko wapi.