Tume Isiyoona Zaidi ya Hatua Mbili

Kila kitu kiliharibika Jumatatu, tarehe kumi Septemba 2007, na kiliharibika kupitia kipaza sauti.

Asubuhi hiyo, chini ya hema la kukodi mjini Nakuru, Tume ya Picha Rasmi ya Bonde la Ufa la Kati iliwatangazia wananchi kwamba kuanzia sasa maendeleo yatakuwa yanaonekana. Mkurugenzi wa Tume, Bwana Mathenge, mtu mwenye shingo ya kutosha tai mbili, alisoma kifungu cha kwanza, akakirudia ili kiingie: jambo lolote litakaloonekana kwenye picha rasmi litahesabiwa kuwa limefanyika. Na jambo lolote, au mtu yeyote, asiyeonekana kwenye picha rasmi, atahesabiwa kuwa hayupo.

Watu walipiga makofi. Kulikuwa na soda.

Nyuma kabisa, na chupa yake ya Fanta mkononi, alisimama Darweshi wa Bondeni, mzee aliyeachia shule darasa la tatu na kufiwa na mke miaka miwili iliyopita. Kazi yake ilikuwa kukusanya kamera kuukuu. Zilijaa kabatini, zikajaa chini ya kitanda, na sasa zilikuwa zimefika jikoni, ndani ya sufuria ambazo hazikuwa na mpishi tena. Alizifungua, akapangusa ukungu kwenye vioo, akazifunga. Majirani walisema huzuni imempanda kichwani. Yeye alisema kamera ya zamani ina uzuri mmoja: haijawahi kugombea kiti.

"Yaani nisipopigwa picha, mimi sipo?" alimwuliza mama aliyesimama kando yake.

"Mzee, kunywa soda yako haraka kabla ipigwe picha ikawe ya serikali."

Kisha Mathenge akafungua sanduku na kuinua juu kamera ya Tume. Ilikuwa nyeusi, mpya, ya digitali, na mbele ilikuwa na tundu. Hakuna lenzi. Kumbe dukani huko Nairobi mwili wa kamera huuzwa peke yake na lenzi peke yake, kama vile bucha inavyouza nyama kando na matumbo kando, na kamati ya ununuzi ilikuwa imechagua bei ya chini kabisa, kama sheria inavyotaka. Mathenge alichungulia lile tundu. Tundu nalo likamchungulia. Taarifa ya jioni ilisema kamera iko katika hali nzuri, isipokuwa bado haijaanza kuona.

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Tundu. Ilikaa kwenye hoteli moja ya Naivasha hadi wajumbe walipozoeana na wapishi, ikatoa azimio kwamba tundu lizibwe, na lizibwe kwa kutumia rasilimali za wananchi. Ndivyo Mathenge alivyofika mtaa wa Bondeni, nyumbani kwa Darweshi, akiandamana na Bi Wariara, msimamizi wa stoo.

"Sasa, mzee. Tumeskia uko na macho mengi."

"Niko nayo mawili, na moja ina mtoto wa jicho."

"Mimi nasema lenzi."

Zilikuwa zimepangwa mezani: za Kirusi, za Kijerumani, za Kijapani, nyingine zimekwaruzwa kama sakafu ya shule. Mathenge alizipita zote akaichukua moja iliyokuwa imefungwa ndani ya leso.

"Hii ndiyo safi."

"Hiyo ni ya mke wangu."

"Basi mwambie serikali inaiomba."

"Mwambie wewe," Darweshi alisema. "Si mnajuana?"

Walijuana. Marehemu Rumaisa ndiye aliyekuwa mpiga picha wa nyumba hiyo. Mumewe alikuwa wa kufungua skrubu tu. Harusi zote za Bondeni na nusu ya picha za pasipoti za mtaa wa Section 58 zilipitia kwenye lenzi hiyo moja. Mwaka wa 2005 aliitwa kupiga picha ya uzinduzi wa ambulensi mpya. Wakati huo Mathenge alikuwa mkurugenzi wa kitu kingine, na ndiye aliyesimamia sherehe. Mgeni wa heshima alichelewa. Jua likapanda. Rumaisa akashika kifua, akaanguka pale pale, hatua mbili kutoka kwenye mlango wa ambulensi, kamera ikiwa shingoni. Dereva aliwasha injini. Lakini gari lilikuwa limezungushiwa utepe, na gari ambalo halijazinduliwa haliwezi kubeba mgonjwa, kwa sababu halijaanza kuwa gari. Wakaitisha makasi ili angalau mtu mwingine akate. Makasi hayakuonekana. Darweshi alijaribu kuukata utepe kwa meno; askari wawili wakamtoa, wakimweleza kwa upole kwamba utepe wa serikali haukatwi kwa meno. Mwishowe Rumaisa alipelekwa hospitalini kwa mkokoteni wa kuuza viazi, na akafika amekwisha. Ripoti ilisema ambulensi ilikuwa katika hali nzuri.

"Utarudishiwa," Mathenge alisema, akiitia lenzi mfukoni na leso yake. "Tume ikimaliza kazi."

"Inamaliza lini?"

"Tume haimalizi kazi, mzee. Ni Tume."

Darweshi alikuwa na njia moja tu ya kukaa karibu na kitu ambacho mkewe alikishika kila siku. Akaomba kazi. Akapewa cheo cha Mhudumu wa Lenzi, kazi isiyo na malipo lakini yenye koti.

Lenzi ya zamani haikai kwenye kamera ya digitali hivi hivi. Inahitaji pete ya kuziunganisha. Pete ilichongwa na Joginder Singh, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma karibu na stesheni, ambaye alikuwa na picha ya harusi ya binti yake ukutani, kazi ya Rumaisa. Alikataa kulipwa.

"Hii hata usiongeze karatasi hapa katikati, Darweshi," alisema. "Lenzi inataka kukaa mahali pake. Ukiisukuma mbele kidogo tu, itaona pua yako vizuri lakini mlima hautauona."

"Singh, wewe tengeneza. Mimi nitaichunga."

Waliijaribu barabarani. Iliona mpaka ng'ambo ya ziwa lililo nje ya mji, ndege mmoja mmoja. Darweshi alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji.

Kisha ikafika stoo. Bi Wariara aliigeuza, akatafuta bati la Tume, hakuliona.

"Mali ya Tume inakuwa na bati ya Tume," alisema. "Imeandikwa MALI YA TUME, USIGUSE."

"Ibandike hapa ubavuni, madam."

"Mwizi atabandua. Itaingia katikati, kati ya lenzi na hiyo pete. Hapo nani ataitoa?"

"Madam, ukiweka bati hapo haitaona mbali."

Bi Wariara alimtazama kwa huruma ya kikazi. "Mzee, kanuni haijasema mali ya Tume ione mbali. Imesema iwe na bati."

Bati likakatwa mduara, likatobolewa katikati, likaingia. Tangu siku hiyo kamera ya Tume ilikuwa na uwezo wa kuona hatua mbili. Kilichokuwa ndani ya hatua hizo kilitoka wazi mpaka vinyweleo. Kilichozidi hapo kilitoka kama uji uliomwagika.

Safari ya kwanza ilikuwa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, mwezi wa Novemba, kampeni zikiwa zimepamba moto. Tume ilikuwa inazindua jengo la baridi la kuhifadhia samaki. Jengo lilikuwa na ukuta wa mbele, uliopakwa rangi ya buluu na kushikiliwa na nguzo kwa nyuma. Kuta nyingine zilikuwa kwenye awamu ya pili. Mathenge na wakubwa wenzake walijipanga chini ya ukuta.

"Boss, kujeni karibu!" Darweshi aliwaita. "Hii kitu inaona hapa tu!"

"Hapo ni kwa wauza samaki," Mathenge alijibu kwa mbali. "Kila mtu na nafasi yake. Protokali!"

"Mimi sina hiyo ugonjwa," alisema Mama Zeddy, muuza samaki, akijisukuma mbele na samaki wake wa ngege mkononi. "Mzee, piga mimi. Lakini usinitoe mnene, nitakutafuta."

Picha ilitoka. Magamba ya yule samaki ungeweza kuyahesabu. Mama Zeddy alitoka na kila jino. Nyuma yake palikuwa na doa la buluu, na mbele ya doa hilo madoa meusi manne yenye umbo la mihogo. Mathenge alikichungulia kile kioo kidogo cha kamera bila miwani, akasema, "Safi."

Januari nchi ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Tume haikulala. Darweshi alipandishwa juu ya paa la ofisi kupiga picha ya mji. Moshi uliokuwa ukipanda kutoka mitaani ulitoka rangi ya kijivu laini, na Tume ikatoa taarifa kwamba Nakuru ina ukungu wa kawaida wa msimu. Halafu akapelekwa kwenye uwanja wa maonyesho, walikokuwa wamekusanyika watu waliofukuzwa makwao. Mahema meupe, yaliyopangwa mpaka mwisho wa uwanja, yalitoka kama vidoa vya mviringo, vya kupendeza. Taarifa ilisema kilimo cha maua kimepanuka kutoka Naivasha na sasa kimefika mjini.

"Maua gani inalia usiku ikitaka blanketi?" Darweshi aliuliza.

"Mzee, wewe ni Mhudumu wa Lenzi," Mathenge alimkumbusha. "Maana ya picha ni ofisi yangu."

Darweshi alirudi kwenye lenzi yake. Kila jioni, kabla ya kurudisha kamera stoo, aliipangusa lenzi kwa pindo la shati, akaitakia usiku mwema, akaenda zake.

Mwezi wa Juni akaja mkaguzi kutoka Nairobi, Madam Sally, mwanamke mwembamba aliyekunywa maji yake mwenyewe kutoka kwa chupa yake mwenyewe. Jambo hilo liliwatia wote wasiwasi. Alisoma kifungu cha kwanza, akakirudia ili kiingie, kisha akaamuru picha zote zikuzwe na kutandazwa mezani.

"Jengo la Kamere liko wapi?"

"Hili, madam. Hii buluu."

"Mimi naona buluu. Jengo sioni. Kwa hivyo halipo." Akaliandika hivyo; ilikuwa mara ya kwanza ukweli kuandikwa ndani ya Tume, na ilikuwa ni kwa bahati mbaya. "Na wewe, Mkurugenzi, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mimi si huyu?"

"Huyu ni muhogo."

"Madam, hiyo ni tumbo yangu! Mtu hawezi kukosa kujua tumbo yake!"

"Kifungu umeandika mwenyewe, Bwana Mathenge. Nimepitia picha zote za Tume. Hakuna hata moja uliyomo. Umelipwa mshahara na hauko."

Mkaguzi alimaliza kazi siku hiyo hiyo. Walioonekana wazi katika picha rasmi walikuwa wawili: Mama Zeddy wa Kamere na mbuzi mmoja wa mji wa Bahati aliyekuwa amesogea kula waya wa kipaza sauti. Mbuzi aliachwa nje kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mama Zeddy aliteuliwa Kaimu Mkurugenzi, akaja ofisini na beseni lake, na kwa mara ya kwanza wananchi walikuwa wakiingia katika Tume na kutoka na kitu.

Mathenge alipofika langoni kesho yake, bawabu alimtazama kana kwamba anaona kilicho nyuma yake.

"Fungua, mimi ni Mathenge!"

"Pole, boss. Hauko."

Darweshi hakupoteza wakati. Alimwendea Mama Zeddy kudai lenzi yake.

"Chukua, mzee wangu, ya mke wako ni yako," Mama Zeddy alisema, akipara samaki juu ya faili.

"Haitatoka," Bi Wariara aliingilia. "Mali iliyoingia kwa sahihi ya Mathenge inatoka kwa sahihi ya Mathenge."

"Na Mathenge hayuko."

"Basi ingojee awe."

Na kulikuwa na namna moja tu ya Mathenge kuwa: apigwe picha rasmi, kwa kamera rasmi, akionekana. Tume ilikubali. Kamera ikatolewa stoo kwa mchana mmoja, na bati lake ndani. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kuitumia isipokuwa Mhudumu wa Lenzi, na Mhudumu wa Lenzi alisema mgongo unamuuma, ilibidi Mathenge aende mwenyewe mpaka Bondeni.

Alikuja na suti. Alikuwa amekonda kidogo, jambo ambalo linawapata watu wasiokuwepo. Darweshi alimkalisha kwenye kile kigoda cha Rumaisa cha wateja, kigoda kilichokalisha maharusi, mahujaji na watoto wa pasipoti. Akampima kwa miguu: hatua moja, mbili.

"Keti wima, boss. Kidevu chini."

Alichungulia. Tangu Septemba ile hakuwahi kumwona Mathenge wazi hivyo. Aliona jasho juu ya mdomo. Aliona alama ya wembe chini ya sikio. Aliona mtu.

"Unaonekana kabisa," alimwambia.

"Piga basi, mzee. Nasaini hapa hapa, lenzi inabaki kwako leo. Hata Wariara nitamwambia atoe hiyo bati."

"Nikipiga, unarudi kazini?"

"Kesho asubuhi."

Kidole cha Darweshi kilikuwa juu ya kitufe. Lenzi ya mkewe ilikuwa imemjaa kiganjani, na ilikuwa imeanza kupata joto.

"Kuna kitu moja tu kwanza. Ile siku ya ambulensi."

"Mzee, hiyo ilifungwa. Kulikuwa na ripoti."

"Ripoti sijakuuliza. Dereva alikuwepo, injini ilikuwa inanguruma, utepe ulikuwepo. Wewe ulikuwa umesimama karibu na mke wangu, kama hivi tulivyo mimi na wewe."

Mathenge alijigeuza kwenye kigoda kuutazama mlango. Kwenye kamera shingo ilionekana wazi ikigeuka.

"Usitingishike, utatoka uji," Darweshi alimwambia kwa upole, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Niambie tu, boss: makasi yalikuwa mfukoni mwa nani?"