Nyumba Kumi Zisizo na Homa

Jumanne, 14 Aprili 1998
Mto umefurika. Mimi, Teofili, karani wa utafiti wa homa, nilipaswa kuvuka kwa mtumbwi kuhesabu wagonjwa kitongoji cha ng'ambo. Nyumba kumi tu! Fomu zote nimezijazia hotelini Mlabani, huku huku mjini, kwa chai na vitumbua. Wagonjwa: sifuri. Karani mwenzangu Balbina kavuka kwenda kitongoji cha jirani, karudi na matope hadi kiunoni. Mjinga.

Jumatano, 15 Aprili
Balaa! Bi Evelina, mtaalamu wetu wa takwimu, kaipaka ramani rangi, kitongoji kwa kitongoji. Kote nyekundu. Changu cheupe pe! Akasema nyumba kumi ni chache, huenda ni bahati tu. Ila kama ni kweli, watu wale wana kinga inayofaa kuchunguzwa. Kesho anakwenda kuona. Akaagiza vyandarua vya msaada vianze kugawiwa kwingine. Balbina akanikazia macho. Nikasema nitawaongoza. Jasho!

Alhamisi, 16 Aprili
Nimewatangulia alfajiri. Mpango: kumsihi mzee Ndaki, mfugaji wa nyumba ya kwanza, awaambie majirani waseme wote wazima. Mtumbwi nusura upinduke, mara mbili. Nikatoa shikamoo, mzee akanivuta ndani. Mkwewe Merina alikuwa amempakata binti yake wa miaka mitatu, amelegea, mwili unachoma. Mpango wote ukanitoka kichwani.

Merina akauliza, "Umetumwa na hospitali?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.

Tukamvusha, mimi nikikomba maji kwa kofia. Upande wa mjini walisimama Bi Evelina na Balbina. Bi Evelina akamgusa mtoto, akafungua fomu zangu.

"Huyu wa nyumba namba ngapi, Teofili?"

Namba moja, nikajibu. Akawapakia mama na mtoto garini, hao hospitali. Nikabaki ukingoni.

Ijumaa, 17 Aprili
Mtoto kafumbua macho, kaomba uji. Nimemwona mwenyewe. Nikatoka nje, nikalia kidogo. Bi Evelina hajanifukuza! Kaamuru nikahesabu upya nyumba zote, Balbina akigawa vyandarua hapo hapo. Akanieleza pia kwamba eneo likiwa na watu wachache, hesabu yake husomwa pamoja na ya majirani, ili hesabu ya nyumba chache isiyumbishe ramani.

Jumamosi, 18 Aprili
Nyumba sita, wagonjwa saba. Kisha mvua! Nne zilizobaki ziko mbali, matope magotini. Balbina yuko kwenye vyandarua, hanioni. Nimeketi chini ya ghala la mpunga, nikazijazia fomu kwa kufuata hesabu ya majirani, kama nilivyoelezwa. Mgonjwa mmoja mmoja. Kitaalamu kabisa! Bi Evelina atafurahi.