Nilifua kwa Utukufu wa Bwana

Jumapili, 6 Julai

Mchungaji Elineema amehubiri kwamba kufagia, kupika na kubeba mtoto ni ibada pia, mtu akifanya kwa upendo. Yeye ni mtu wa Upareni, hajamaliza mwaka hapa Bariadi. Nilikuwa nasinzia. Ndipo akamtaja Ngassa! Jirani yangu Ngassa, ukuta kwa ukuta. Eti amemwona akimchotea mke wake maji kwa baiskeli, madumu manne, huku anaimba tenzi. Kanisa zima likageuka kumtazama. Ngassa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu gani ule! Baiskeli yenyewe nimeitengeneza mimi, breki mpaka mnyororo. Fundi hakutajwa.

Halafu tangazo. Jumapili ijayo anakuja Baba Askofu, na baba mmoja atasimama mbele kutoa ushuhuda wa kumtumikia Mungu nyumbani. Jina litatoka Jumamosi. Wivu umenibana mpaka wali nimeacha nusu. Baba huyo lazima awe mimi, Ndaki.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeanza utumishi. Nimefagia mbele ya nyumba, upande wa barabara, saa kumi na mbili asubuhi. Hakupita mtu. Nikafagia tena saa mbili. Akapita Mboje wa kwaya, nikapaza sauti kwa wimbo. Akaniuliza tumefiwa na nani.

Mke wangu Milembe ana wiki tano tangu ajifungue, mgongo unamsumbua. Ameniomba nimbebe mtoto apate kulala kidogo. Nikamwambia nitambeba jioni, pale nje, watu wakitoka kazini. Amemfunga mtoto mgongoni, akaingia ndani.

Jioni Ngassa alikuwa barazani na mkewe, wanakata viazi vitamu vya michembe, vya kuanika juani. Wanacheka! Nani anacheka na viazi?

Jumatano, 9 Julai

Siku ya aibu.

Nilisikia Mchungaji atapita barabara yetu saa nne kwenda kumwona mgonjwa. Nikabeba kapu lote la nguo chafu, bila kuchagua. Mabeseni mawili, povu mpaka viwikoni. Mchungaji akatokea. Akasimama, akashika kifua, akatoa simu, akapiga picha! Nikainua juu nguo kubwa nyeupe yenye lesi, aone nilivyoitakatisha.

Nyuma yangu ukapigwa ukunga. Mama mkwe! Alifika jana kutoka Malampaka kumlea Milembe. Lile lilikuwa shimizi lake.

Mkwe, jamani! Kwetu hata mkono simpi. Tukikutana njiani napisha pembeni na kutazama chini. Na mimi nimelishika shimizi lake kwa mikono miwili, kando ya barabara. Mchungaji, mgeni wa mila zetu, hakuelewa chochote. Akasema Amina, akaenda zake. Saa sita picha ilikuwa kwenye kundi la kanisa, simu zote za Bariadi.

Alhamisi, 10 Julai

Mama mkwe amepanda basi la asubuhi. Milembe amembeba mtoto, amefuatana na mama yake. Amesema mbuzi wa faini apelekwe Malampaka, la sivyo harudi. Amesema pia nikae nijiulize nilikuwa namfulia nani. Nimejiuliza. Nilikuwa nawafulia wote, hata wasiotakiwa kufuliwa nami!

Nyumba kimya. Nimekuta kofia ndogo ya mtoto chini ya kitanda. Nimelia. Nimelia kwa kweli, chumbani, mlango umefungwa. Hakuna aliyeniona. Hasara tupu.

Mkosaji haendi mwenyewe kwa wakwe, anatuma mtu anayejua kuongea. Mtaani wa namna hiyo ni mmoja. Nimekwenda kubisha kwa Ngassa kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Hata hilo limeniudhi.

Jumamosi, 12 Julai

Wamerudi! Milembe, mtoto, na Ngassa. Mbuzi wangu wa madoadoa amepokelewa, mama mkwe amesamehe, ila hapa hakanyagi tena. Milembe anasema Ngassa aliongea kwa saa mbili na kupiga magoti, akasema mimi si mtu mbaya, kufua tu ndiko sijazoea. Nimempokea mtoto, akanikojolea shati zima. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Kisha jina likatoka. Ngassa! Kwa kuiponya nyumba ya jirani. Nyumba ipi? Yangu! Ushuhuda nimempa kwa mkono wangu mwenyewe, na mbuzi juu.

Jumapili, 13 Julai

Ngassa amesimama mbele. Alisema tu "ndugu mmoja", lakini watu wote wamenigeukia mimi, kwa sababu ya ile picha. Baba Askofu amempa mkono mara mbili. Nimehesabu.

Milembe aliniona nilivyovimba. Akaninong'oneza kwamba nyumbani kuna vyombo vya tangu asubuhi na mgongo unamuuma. Nikiviosha na mlango umefungwa, atanishukuru kuliko askofu yeyote. Nikamwahidi. Wakati nasema nilikuwa na nia kabisa.

Ila tulipofika nje likanijia wazo. Askofu anarudi Desemba kwa kipaimara. Ninachohitaji ni nyumba ya kuponya! Shida ni kwamba nyumba ya Ngassa ina amani ya kukera. Nimemfuata, nimempongeza, nikamwuliza mama mkwe wake anakuja lini kutembea. Agosti, kutoka Mwanhuzi. Nikamwambia maaskofu wa siku hizi wanafurahi sana mtu akimkumbatia mama mkwe wake. Ngassa amesema atalifikiria. Atalifikiria! Mbuzi wa faini wa kumpelekea mama huyo nimeshamchagua.

Milembe anaita tena kutoka jikoni, habari za vyombo. Nimemjibu asubiri kidogo, naandika ushuhuda.