Makoti ya Akina Gruszka

Jumatatu, 1 Februari 1926

Wiki ya tatu bila mtu kuniagiza koti jipya. Leo nimeshona vifungo viwili na kutia kiraka suruali ya mlinzi wa kanisa. Basi. Watu wa Hamtramck, mji wetu huu wa Wapolandi, siku hizi wananunua suti za madukani kule Detroit, mabega yamekaa kama sanduku. Ng'ambo ya barabara fundi mwenzangu Seweryn Kos ana wateja wanne wameketi wanangoja zamu. Ana hariri. Ana pia mdomo mtamu.

Nimepata wazo. Pombe imepigwa marufuku, huu mwaka wa saba, na mtaa mzima unakunywa. Inatoka Kanada, ng'ambo ya mto tu, ambako kuitengeneza si kosa. Mto ukiganda, watu wanavuka mchana kweupe, kwa miguu na kwa magari. Wanawake wanaficha chupa ndani ya sketi. Ushamba. Mimi nimeshona koti lenye mifuko kumi na minne ndani ya bitana. Kila mfuko, chupa.

Nikalipeleka kwa akina Gruszka. Ni ndugu wawili, Teofil na Benek. Mwaka juzi walikuwa wakiuza makaa kwa mkokoteni. Sasa wana magari matatu na wanaume wanane, na wakipita barabarani watu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli ndani. Teofil, mkubwa, haongei sana. Hunyonya peremende. Alilivaa koti, akajigeuza huku na huku, akasema, “Bwana Fundi, koti hili lina akili kukushinda.”

Nimelipokea kama sifa. Ameagiza manane, mawili yawe tayari Alhamisi.

Mke wangu Bronka hakufurahi. Ati akina Gruszka ndio waliomvunja mzee Zaremba mikono, kwa kuwa alinunua bia kwa mtu mwingine. Nikamwambia mikono ya Zaremba hainihusu; inayonihusu ni ya makoti. Hakucheka. Bronka hajui utani.

Jumatano, 3 Februari

Fundi mwaminifu huijaribu kazi yake mwenyewe. Saa nne asubuhi nikavuka mto kwa miguu, nikanunua wiski upande wa pili, nikajaza mifuko yote. Koti lilikaa vizuri ajabu. Tatizo uzito. Katikati ya mto niliteleza, nikalala chali, nikashindwa kuinuka. Kama kobe. Kila nikijipindua, chupa inavunjika.

Aliyeniinua ni askari wa forodha. Alininusa. Nikamweleza kuwa nina kikohozi na nimejichua dawa. Akachukua chupa tatu zilizobaki nzima, akaniombea nafuu, akaenda zake.

Kwenye tramu hakuna aliyenikimbia. Walisogea karibu.

Kos alikuwa mlangoni kwake. Akauliza kama nimeacha ufundi nikaajiriwa kuwa pipa. Nikaingia zangu ndani. Mbwa akibweka, msafara haurudi.

Jumamosi, 6 Februari

Juzi nilipeleka makoti mawili. Wanaume wa Teofil waliyatazama ndani, wakaangua kicheko. Benek, mdogo mtu, ndiye aliyenieleza. Wao hawabebi chupa. Wanangoja ufukweni upande wetu, wenzao wanavuka na mizigo, wakifika wananyang'anywa. Sasa mifuko ya chupa ya nini?

Niliona aibu. Teofil akanitoa kwenye aibu. Akaonyesha chini ya kwapa la kushoto. “Toa kumi na mitatu. Bakiza mmoja. Hapa.”

Nikapima bastola kama ninavyopima mtu: urefu, kiuno, mabega. Benek alikuja dukani kujaribisha. Akavaa koti, akatia bastola mfukoni, akaichomoa haraka kuona kama inanasa. Haikunasa. Ilifyatuka. Sanamu langu la kupimia nguo lina tundu moyoni, na kioo cha dirisha kimekwenda. Benek akasema mfuko ni mzuri.

Kuhusu jana, mtaa mzima unazungumza. Genge la Pruss, wale wanaovusha pombe upande wa chini wa mto tangu sheria ilipoanza, walisimamishwa saa sita mchana. Mmoja alipigwa risasi ya mguu. Mwingine alisukumwa pamoja na gari lake hadi kwenye barafu nyembamba, akavutwa kwa kamba baada ya kuahidi kila alichoambiwa aahidi. Leo wenye baa za siri wote wanamvulia Teofil kofia. Polisi wa zamu pia.

Nami nimeguswa. Kazi hii yote imefanyika ndani ya makoti yangu, na hakuna mshono uliofumuka.

Jumatatu, 8 Februari

Usaliti. Teofil ameagiza suti tatu za kwenda kanisani, nyeusi, bitana ya hariri. Kwa Kos!

Nimemwona kwa macho yangu akipimwa. Kos kapiga magoti, pini mdomoni, anatabasamu. Mtu aliyegundua mfuko wa kwapa ni nani? Sawa, Teofil ndiye aliyeonyesha mahali. Lakini aliyeushona ni nani?

Nikaenda kumtafuta Benek. Nikamwambia, kwa upole tu, kama jirani mwema, kwamba Kos anawashonea pia watu wa Pruss. Si uongo. Mwaka jana alimkunjia mmoja wao suruali. Nilichotaka ni suti zihamie kwangu. Benek alinisikiliza huku akichokonoa meno. Akasema, “Asante, mzee wa sindano.”

Leo nitalala vizuri.

Jumatano, 10 Februari

Suti zimehamia kwangu.

Wameingia kwa Kos jana asubuhi, wanaume watatu na Benek. Wamevunja meza na cherehani zote mbili. Kisha wakamwekea pasi yake mwenyewe juu ya mkono wa kulia. Ilikuwa ya moto; alikuwa anapiga pasi kola.

Nilisikia kutoka dukani kwangu. Sikutoka. Nilikuwa nimeshika mkasi, na nilipoutazama baadaye nikakuta nimekata kitambaa ambacho sikukusudia kukikata.

Mimi nilisema nguo. Wao walisikia mtu. Hilo si kosa langu, ni la Benek, ambaye hasikilizi vizuri. 

Bronka alimpelekea Kos supu ya shayiri. Akarudi na koti la bwana harusi, limekatwa, halijaunganishwa. Ndoa ni Jumapili, ya mwisho kabla ya Kwaresima. Kos ameomba nimmalizie, kwa sababu bwana harusi hana kosa. Bronka akauliza ni nani angeweza kumsema mtu kama yule. Nikasema watu wana midomo.

Nimelimaliza koti. Amekata vizuri kuliko mimi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 11 Februari

Alhamisi ya Mafuta. Kila nyumba inakaanga maandazi ya jamu, tuyamalize mafuta kabla ya mfungo. Mwaka huu hakukuwa na haja. Teofil ameipelekea kila nyumba ya mtaa sanduku zima. Hata ya Zaremba, ambaye alilishwa na bintiye. Hata ya Kos. Watu wote wamekula. Mimi nimekula saba.

Nikaenda kushukuru, nikamkuta Teofil na wasiwasi. Biashara imekwama. Wamewanyang'anya wavukaji wote mpaka hakuna anayethubutu kuvuka, na sasa hakuna wa kunyang'anya. Lazima wakaifuate pombe wenyewe. Wanataka dereva anayeijua barafu.

Nilisema kabla sijafikiri, na huwa ndivyo ninavyotoa mawazo yangu bora. Nikasema shemeji yangu Florian. Kaka yake Bronka. Anaunda magari kiwandani, ana gari lake kuukuu, na kila majira ya baridi huliendesha mtoni kwenda kuvua samaki. Nikamwomba Teofil kitu kimoja tu: nihesabiwe kuwa mtu wa shauri. Teofil akanitazama sana. Akasema Jumamosi.

Florian nimemwambia tunapeleka makoti kwa mteja Kanada. Akauliza makoti mangapi. Nikasema mengi.

Jumamosi, 13 Februari

Ninaandika kwa penseli. Wino umeganda.

Tulivuka magari matatu, sisi katikati. Florian alipoona masanduku yanapakiwa alijua. Hakunigombeza. Alisema tu, “Shemeji, ungeniambia nikakataa.” Akang'oa mlango wa upande wake, akauweka nyuma. Nikamuuliza kwa nini, kuna baridi. Akasema gari likizama, mlango haufunguki. Nikamwomba aning'olee na wangu.

Watu wa Pruss walikuwa kwenye vibanda vya wavuvi, karibu na ufuko wetu. Wakafyatua wao kwanza. Risasi ikaingia paja la Florian. Aliendelea kuendesha, meno yamekazana. Hatua thelathini kutoka nchi kavu magurudumu ya mbele yakatitia. Akanishika kola, akanitupa nje, kisha akajitupa yeye. Gari likaenda chini taratibu, kama mtu anayeketi. Kola haikuchanika.

Watu wawili wa Pruss wamekufa. Mmoja alikuwa ameinua mikono juu na ametupa bunduki. Benek alimpiga hivyo hivyo, akarudisha bastola mfukoni. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena.

Hospitali Florian amesema aliangukia patasi. Daktari amesema goti halitakunjika tena. Kiwandani mtu husimama saa tisa kwa siku.

Bronka alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Aliuliza kama Florian alijua anakokwenda. Nikasema kwa kiasi fulani. Akafungasha nguo zake, akaenda kukaa kwa mama yake, pamoja na kaka yake. Nguo zangu hakuzigusa, hata za kufua.

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Kanisa limejaa. Akina Gruszka wamekaa mstari wa mbele, suti mpya, zangu, na padre hakuthubutu kutazama upande wao. Pruss amehama mji. Mto mzima sasa ni wa Teofil, kutoka daraja la juu hadi ziwani, na wenye baa wanafuata saa yake, si ya kanisa.

Kwenye foleni ya majivu nilijisogeza nyuma yake. Nilipanga kumkumbusha kuhusu ule wadhifa wa mtu wa shauri. Padre alipomaliza kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi, Teofil akageuka, majivu kwenye paji la uso, peremende shavuni. Alinong'ona kama anayesali.

“Kos hakuwahi kuwashonea watu wa Pruss. Tulimuuliza vizuri sana. Aliyemsema Kos kwangu, kesho atanisema mimi. Usije tena kwetu, Fundi. Nikikuona mlangoni kwangu, hutapimwa koti.”

Akanipangusa bega, kama kuna uzi, akaondoka.

 Nilikaa kanisani hadi mlinzi akaniomba nitoke afunge. Nimetumikia watu hawa kwa moyo wote. Tenda wema nenda zako.

Alhamisi, 18 Februari

Nyumba baridi. Nimekula kabichi iliyobaki, bila kuipasha.

Asubuhi Kos alikuja dukani, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Nilidhani amekuja kwa shari. Amekuja na pendekezo. Yeye hawezi kushika mkasi, mimi nina cherehani. Tukae duka moja. Yeye achore kwa mkono wa kushoto na kuelekeza, mimi nikate na kushona, tugawane nusu kwa nusu. Alisema koti la bwana harusi lilipendeza, kila mtu kanisani aliliulizia.  Kisha akauliza kama nimesikia ni nani aliyempelekea Benek maneno.

Nikamwambia nitachunguza. Nina mtu mmoja ninayemshuku, mwuza nyama wa mtaa wetu.

Pendekezo lake ni zuri, nitalijibu wiki ijayo. Kwa sasa nina jambo kubwa zaidi. Mtaa wa tatu kuna vijana wanaoinukia, akina Bielak, ndugu watatu. Bado wanavaa jaketi za kiwandani, lakini wana gari na wana njaa. Nilikwenda mchana. Nikawaeleza kwamba mtu anayetaka kuheshimiwa huanza na koti, na kwamba nilimvisha Teofil Gruszka tangu hajawa kitu. Walinikaribisha chai. Vijana wenye adabu. Waliniita baba.

Wakauliza mambo mawili matatu tu, mazungumzo ya kawaida. Je, Teofil huliacha koti wazi au hulifunga vifungo? Nikasema hufunga, vyote. Je, hunyolewa wapi? Nikawaambia, tena na siku: Ijumaa, saa nne, na kinyozi humfunika shuka hadi shingoni. Wameagiza makoti matatu. Mkubwa wao alinipa mkono, akasema nimekuwa mtu wao wa shauri.

Hatimaye watu wanaojua kusikiliza. Nadhani wanataka kumsalimia. Kesho Ijumaa nitapita pale kwa kinyozi, kwa mbali, nione kama watanitaja.