Beseni la Simu Arobaini na Saba

Jumatatu, 8 Juni 2026

Madamu Nadhira katupa kazi ya mwisho ya somo la kompyuta zinazogawana kazi. Picha elfu sita za mikoko ya Mlingotini, zilizopigwa kutoka angani. Tuandike programu ya kuhesabu miti, kazi igawanywe kwenye mashine zisizopungua kumi, matokeo Jumatatu ijayo. Somo hili nilishafeli mara moja. Nikifeli tena, nadisko, chuo ndiyo basi! Na mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba Jasmin wake ni injinia.

Nimekimbilia maabara. Mashine zote kumi na mbili, Najim wa darasani kwetu ameshazibandika karatasi zenye jina lake. Hata ile isiyo na kibodi! Nikamwomba tatu tu. Akasema kazi kubwa haitaki watu wa kuombaomba. Sitamsahau.

Jumanne, 9 Juni

Nimejaribu kwa laptopu yangu peke yake. Ikapiga hesabu kwamba itamaliza baada ya siku kumi na moja. Kisha ikajizima, nadhani kwa hofu.

Jioni kwa shangazi Sihaba, kumenya vitunguu vya harusi ya binti yake Naila. Shangazi akatangaza kwamba Alhamisi, kwenye shughuli ya wanawake, simu haziingii ndani. Harusi iliyopita, picha ya bibi harusi ilifika Pangani kabla bwana harusi hajamwona. Zote zitakaa kwenye beseni mlangoni. Akauliza nani atalilinda.

Beseni! Simu zenye chaji, zimelala bure saa tatu nzima! Nilijitolea kabla hajameza mate. Shangazi akanigusa paji la uso kuona kama nina homa, maana kazi za shughuli huwa nazikimbia.

Jumatano, 10 Juni

Nimetengeneza ukurasa wa mtandao. Simu ikiufungua tu, inaanza kuhesabu mikoko. Rafiki yangu Ummy kasema lazima niwaombe wenyewe. Nikamwambia akikataa mmoja, watakataa wote. Basi kwenye vikaratasi vya namba nimeandika kwamba simu itatunzwa na kutumika kwa manufaa ya elimu. Herufi ndogo mno. Mwenyewe nimezisoma kwa shida.

Alhamisi, 11 Juni

Simu arobaini na saba! Kila aliyeingia nilimwomba aifungue ili "niisajili". Saa tisa alasiri kazi ikaanza. Nusu saa baadaye, picha mia saba! Nikacheza chakacha peke yangu mlangoni.

Saa kumi kasorobo simu moja ikaadhini. Ndani ngoma ikanyamaza, kina mama wakavuta mitandio. Ikaisha, ngoma ikarudi. Simu ya pili ikaadhini. Ngoma ikanyamaza. Ya tatu. Ya nne na ya tano pamoja, moja ikiwa mbele kwa neno moja! Kumbe kila simu ina saa yake. Madamu alifundisha wiki mbili nzima kwamba mashine nyingi hazikubaliani saa. Wiki hizo nilisinzia. Dakika kumi na nane Naila kasimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele, hajui acheze au asicheze.

Shangazi akatoka. Akagusa beseni, akaruka. Akapiga kelele kwamba Jasmin anazipika simu za watu!

Nikaungama mbele ya wote. Mikoko, disko, mama, kila kitu. Akainuka Bi Swaumu wa Mlingotini, mkali kuliko wote, akauliza mikoko ipi. Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana. Akasema pembe ile ya kushoto waliipanda wao, kina mama wa kikundi, tope hadi kiunoni, na hajaja mtu kuwaambia imeota mingapi.

"Mwanangu, ungeomba tu," akasema. Akadai simu yake iachwe iendelee kuhesabu. Wengine wakafuata. Nililia, na sikujificha.

Jumamosi, 13 Juni

Wageni wametawanyika, Kaole, Mlingotini, wengine hadi Ubena. Simu zao zinahesabu huko huko, zikiwa kwenye chaji. Bi Swaumu kapiga mara tisa kuuliza kama yake inaongoza. Nimesema inaongoza. Kila mmoja nimemwambia hivyo.

Saa nane mchana, elfu sita! Zote!

Jumatatu, 15 Juni

Nimefaulu! Madamu kauliza nilipataje ridhaa ya watu arobaini na saba. Nikasema kwa mazungumzo ya kina. Mashine zote za Najim zilikuwa kwenye soketi moja, na jana mfanya usafi akachomoa waya achomeke birika la chai. Nimempa Najim pole. Ya dhati, karibu.

Kisha nikampigia Bi Swaumu. Shikamoo, marahaba, nikamwambia kwenye pembe yao imeota mikoko elfu moja mia nane na sita. Halafu nikamsikia akiwaita wenzake, mmoja mmoja, kwa majina. Sijawahi kulipenda somo hili kama leo.

Jumanne, 16 Juni

Madamu kanipa kazi nyingine, ya heshima! Picha elfu ishirini, pwani yote hadi Pangani. Ummy kasema niwapigie kina mama wale wale, maana wananisubiri.

Nimelifikiria. Kuwaomba watu arobaini na saba ni maneno mengi mno. Na Alhamisi dada yake Najim anaolewa, wanawake mia mbili, simu haziingii ndani. Nimeshajitolea mlangoni. Mabeseni mawili nimeazima.

Wala mimi si mgumu wa kuelewa. Yaliyonipata yamenifunza. Safari hii nitazima sauti kwanza.