Kigoda changu cha pembe saba

Wenzangu wa Muheza, leo Kasulu nzima imenijua. Si kwa wema.

Mwajua ninavyoishi huku tangu niletwe kuwa bwana shamba: nyumba ya bati, redio, kiti kimoja. Kiti hicho ndicho mkosi wangu. Jirani yangu, Mzee Ruhaza, alikuja siku moja kunijulia hali. Nikampa kiti, mimi nikasimama. Akakataa kukaa mwenye nyumba amesimama.

"Kaa, mzee."

"Kaa wewe, bwana shamba."

Tukasimama wote, kiti katikati yetu, tukazungumza habari za mvua mpaka magoti yakamuuma, akaaga. Hakurudi tena. Wala hakuja mwingine. (Redio nayo imeishiwa betri. Siku hizi nasalimiana na kuku, na kuku wenyewe si wangu.)

Nimechoka na upweke, jamani. Ndipo nikaanza kujifunza useremala kwa Fundi Anania, nitengeneze kigoda cha mgeni. Jana nikajitapa mbele ya Mzee: "Kesho jioni karibu kwangu. Tutakaa wote!"

Leo asubuhi Fundi alitoka kupokea mbao, akaniacha na msumeno wake wa jenereta, ule wenye mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Mikanda ya akiba imetundikwa ukutani. Mmoja mwembamba kama utepe wa cherehani. Mwingine mpana kama mshipi wa askari. Mimi nataka kukata duara. Nichukue upi? Ule mwembamba nikauonea huruma. Ubao wa mninga ulivyo mgumu, kale kautepe katafika wapi? Nikafunga mpana. (Ningemsubiri Fundi nimuulize. Lakini mgeni anakuja, bwana!)

Ukakata vizuri sana. Ukaenda moja kwa moja. Balaa likawa hilo hilo: uliendelea kwenda moja kwa moja! Nikageuza ubao, mkanda ukagoma. Nikakazana, moshi ukatoka. Nikakata pembe, nikajaribu kupinda, ikatoka pembe nyingine. Kila nikirekebisha, kigoda kinapungua. Pembe zikafika saba na ubao umebaki kama sahani ya chai.

Nikapandwa na hasira. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

PAA! Mkanda ukachomoka!

Nilipopata fahamu zangu nilikuwa chini ya meza, nimejikunja, napiga kelele: "Mamaaa!" (Mtumishi wa serikali. Mwenye ndevu.) Na leo ni siku ya soko. Mlango mzima ulijaa vichwa.

Fundi akapenya katikati ya watu, akautazama mkanda, akanitazama mimi kule chini. "Huo ni wa kukata kwa kunyoosha, bwana shamba. Wa kukata duara ni ule mwembamba. Haya, toka, umeshapona."

Jioni nikajifungia ndani. Nikasema Mzee hawezi kuja kwa mtu wa aibu kama mimi. Mara, hodi!

Mzee Ruhaza huyo, na kigoda chake mkononi. Nyuma yake mkewe na chake. Nyuma yao Fundi Anania, na majirani ambao hata majina sikuwa nayajua, kila mtu na cha kukalia.

"Tumesikia umelia," akasema Mzee. "Na kigoda chako nacho tumekisikia. Basi tukaona tuje na vyetu. Hebu kaa, utuonyeshe ulivyolia."

Nikakaa kwenye kiti changu. Nikalia "Mamaaa!" mara tatu, maana kila aliyechelewa alidai arudiwe. Wakacheka hadi mke wa Mzee akashikilia ukuta. Nami nikacheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Sasa wameondoka, kila mmoja na kigoda chake. Sakafu imebaki na alama za miguu ya vigoda, na sina haraka ya kuifagia.

Siwaombi msicheke. Chekeni, ila njooni mchekee huku, na kila mtu aje na cha kukalia.